Chupa mbili za bia na mwili unavimba: je, kinachonidhuru ni pombe yenyewe au kitu kilichomo ndani yake?

MkaguziWaMinofu (Igogo, Mwanza)

Shikamooni wakubwa, na wenzangu wa rika habari za jioni. Nitaeleza kwa urefu, kwa sababu kila ninapoifupisha habari hii watu hunijibu kwa maneno mawili tu, "acha pombe". Ni ushauri mzuri, lakini haunielezi kinachotokea mwilini mwangu.

Mimi ni mwanamume wa miaka 38, kazi yangu ni ukaguzi wa minofu ya sangara kiwandani, na bia nimeinywa tangu nikiwa na miaka 22 bila tatizo lolote. Mambo yalibadilika kama miaka miwili iliyopita. Nikimaliza chupa ya kwanza viganja huanza kuwasha, nikifika katikati ya pili hutokea mabaka yaliyoinuka tumboni na mapajani, na mara mbili mdomo wa chini umevimba hadi nikashindwa kuongea vizuri. Baada ya saa tatu au nne kila kitu hupotea kana kwamba hakikuwepo. Nilikuwa nikimeza Piriton na kulala.

Jumamosi moja mwezi uliopita tulikuwa kwenye sendofu ya binti wa jirani yetu kule Pasiansi. Mgongo ulikuwa ukiniuma kwa kusimama zamu nzima ya usiku, kwa hiyo mchana nilimeza diklopa. Jioni nilikula sato wa kukaanga, nikatafuna karanga, nikanywa bia mbili, kisha tukainuka kucheza. Haukupita muda nikahisi koo linakaza, kifua kinabana na macho yanaingia giza, na nilichokumbuka baadaye ni kwamba nilikuwa sakafuni katika kituo cha afya, mguu mmoja wa suruali umekatwa kwa mkasi na paja linauma mahali nilipodungwa sindano.

Nyumbani kila mtu ana maelezo yake. Shemeji yangu anaamini niliwekewa kitu kwenye glasi. Baba mdogo anataka nipelekwe nikaangaliwe kienyeji. Mwenzangu wa kazini, ambaye hukusanya mabondo ya sangara, yaani vibofu vya hewa vya samaki huyo, ananiambia kwamba mabondo hayo husafirishwa nje na kutumika kusafishia bia, na kwamba huenda mwili wangu umechoka na samaki, maana hata kazini vidole vyangu huwasha. Ila lipo jambo moja ambalo halikubaliani na maelezo yoyote kati ya hayo: wakati wa Krismasi nilikunywa Konyagi jioni nzima na sikupata hata baka moja. Ikiwa tatizo ni pombe, mbona hiyo iliniacha salama?

TabibuNyegezi

Pole sana, kaka yangu. Mimi ni tabibu katika zahanati, si daktari bingwa, na siwezi kukupima kwa maandishi, lakini maelezo yako yamepangika vizuri kuliko ya wagonjwa wengi ninaowaona ana kwa ana.

Kabla ya yote nakuomba usijijaribu tena nyumbani, hata kwa glasi moja, hata kwa nia ya kuthibitisha. Kilichokupata Pasiansi si mabaka tu. Mtu anapopata mabaka, koo likakaza, kifua kikabana na kisha akaanguka kwa sababu shinikizo la damu limeshuka, hali hiyo tunaiita anafilaksisi, na inaweza kuua ndani ya dakika chache. Sindano uliyodungwa pajani kwa hakika ilikuwa adrenalini, ambayo kwa mtu mzima ni nusu miligramu kwenye msuli wa upande wa nje wa paja, na inaweza kurudiwa baada ya dakika tano kama hali haijatulia. Hiyo ndiyo iliyokuokoa. Piriton hupunguza kuwashwa, lakini haifungui koo wala haipandishi shinikizo la damu, na ukiimeza juu ya bia unaongeza usingizi mzito kwa mtu ambaye anatakiwa awe macho ili aeleze kama anashindwa kupumua.

Sasa kuhusu swali lako. Tangu Clemens von Pirquet wa Vienna alipolibuni neno la aleji mwaka 1906, watu wamelitumia kwa kila kinachowachafua. Katika utabibu tunalibakiza kwa hali ambayo mfumo wa kinga umeitambua protini fulani kuwa adui na kuitengenezea kingamwili, ili safari inayofuata seli zimwage kwa wingi mara moja histamini, yaani kemikali ya mwili inayoleta kuwashwa na kuvimba. Ethanoli, yaani kileo chenyewe, ni molekuli ndogo mno, na mzio wa kweli dhidi yake ni adimu sana. Kwa hiyo Konyagi yako ya Krismasi ni ushahidi mkubwa, na umefanya vema kuikumbuka. Inaonyesha kwamba mwili wako unagombana na kitu kilichomo katika bia ambacho hakimo katika kinywaji kilichokenekwa, yaani kile ambacho mvuke wake ulikusanywa na kupozwa ukaacha protini zote nyuma kwenye sufuria.

Naomba unijibu haya. Umewahi kunywa kinywaji cha kimea kisicho na kileo, na kilikufanyaje? Mvinyo je? Una pumu, au pua inayoziba mara kwa mara? Na siku zile za mwanzo, kabla ya Pasiansi, ulikuwa pia umemeza diklopa?

MzeeWaKimea

Marahaba, kijana wangu, na pole. Nilifanya kazi katika upishi wa bia kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo acha nieleze kilichomo ndani ya chupa, kwa sababu naona vijana wengi wanadhani bia ni maji na "kemikali".

Bia ya kawaida huanza na shayiri, ambayo hapa kwetu hulimwa nyanda za juu za Arusha, Manyara na Kilimanjaro. Hulowekwa, huachwa ichipue, kisha hukaushwa na kuwa kimea. Kimea husagwa na kuchanganywa na maji ya moto ili wanga ugeuke sukari, na viwanda vingi huongeza mahindi, mtama, mchele au sukari ili kupunguza gharama na kuifanya bia iwe nyepesi. Maji hayo matamu huchemshwa pamoja na hopsi, ambayo ni maua yanayoleta uchungu na harufu, kisha yakipoa hutiwa hamira. Hamira ndiyo inayogeuza sukari kuwa kileo na gesi.

Watu hudhani kwamba kuchemsha huua kila kitu. Si kweli. Protini nyingi huganda na kuondolewa, lakini zipo mbili za shayiri zinazostahimili moto na uchachushaji: moja huitwa protini Z, na nyingine ni ya kundi la protini ndogo zinazobeba mafuta katika mimea. Sisi wapishi tulizipenda, maana ndizo zinazosaidia povu kusimama juu ya glasi. Madaktari nao wanazijua kwa sababu nyingine: ndizo zinazotajwa zaidi kwa watu wenye mzio wa kweli wa bia. Povu zuri unalolisifia mezani limejengwa kwa kitu kilekile kinachoweza kukuangusha, kijana wangu.

Kuhusu mabondo, mwenzako hajakudanganya kabisa. Kibofu cha hewa cha samaki kikikaushwa na kuyeyushwa hutoa utepe wa protini unaozivuta chembe za hamira na kuzizamisha chini ya pipa, na Waingereza wamekitumia kwa bia zao za mapipa kwa karne nyingi, mwanzo kutoka kwa samaki wa Urusi, baadaye kutoka kwa samaki wengine, sangara wetu akiwemo. Lakini sehemu kubwa ya mabondo ya ziwa letu huenda China na Hong Kong, ambako huliwa kama chakula cha heshima. Bia ya chupa inayotengenezwa kwa wingi siku hizi huchujwa kwa mashine, na hata Guinness, waliodumu na kibofu cha samaki kwa muda mrefu sana, walitangaza mwaka 2015 kwamba wanaachana nacho.

MkaguziWaMinofu (Igogo, Mwanza)

Asante sana, Mzee wangu, na asante, dada Tabibu. Nimesoma maswali yako mara tatu, na la kwanza limenikumbusha jambo nililokuwa nimelisahau kabisa.

Mwaka jana, siku ya kipaimara ya mtoto wa dada yangu, tulikunywa soda ya kimea isiyo na kileo. Nilikunywa chupa moja, midomo ikawasha na koo likawa kama limemwagiwa unga, nikasema labda chupa haikuoshwa vizuri. Sikuifikiria tena mpaka leo.

Mvinyo mwekundu wa Dodoma nimekunywa harusini zaidi ya mara moja, sikuona kitu. Sina pumu. Diklopa nimekuwa nikiitumia kwa kama miaka miwili na nusu, tangu nilipohamishiwa zamu za usiku, lakini siwezi kusema kwamba kila siku niliyopata mabaka nilikuwa nimeimeza.

Kinachonitia hofu sasa ni maneno ya Mzee kwamba bia nyingi zina mahindi. Ikiwa mwili wangu umekataa mahindi, nitakula nini? Ugali ndio maisha yangu.

MamaBuzuruga

Mdogo wangu, soma na la kwangu, ingawa ni tofauti na lako, kwa sababu wanaosoma hapa wasije wakadhani kila anayeumia kwa kinywaji anaumizwa na shayiri.

Mimi nina pumu tangu utoto. Bia sinywi kwa sababu siipendi, lakini glasi moja ya mvinyo mweupe hunifanya nitafute pampu ndani ya nusu saa. Niliambiwa na daktari kwamba kinachonibana ni salfaiti, ambayo watengenezaji huitia katika mvinyo ili usiharibike na usibadilike rangi. Mvinyo mweupe mara nyingi hutiwa zaidi ya mwekundu. Si mzio kwa maana aliyoieleza Tabibu. Ni gesi ya salfa inayochokoza njia za hewa ambazo tayari ni nyepesi kukasirika, na ndiyo maana wanaoumia zaidi ni sisi wenye pumu. Nchi za Ulaya zinalazimisha chupa iandikwe iwapo salfaiti imezidi miligramu 10 kwa lita, kwa hiyo chupa nyingi zinazoingia nchini zina maneno hayo nyuma, kwa herufi ndogo. Tangu nijue hilo, husoma pia paketi za matunda makavu, maana zabibu kavu na embe kavu vilikuwa vikinibana vivyo hivyo na sikuwa nimeviunganisha.

FundiWaBusisi

Nilikuwa kwenye ujenzi wa daraja la Kigongo–Busisi hadi lilipofunguliwa mwaka 2025, na nataka kuuliza kuhusu mwenzangu mmoja kutoka China ambaye kwa bia moja tu uso, shingo na masikio yalikuwa yakiwiva kama nyanya, moyo unamwenda mbio na kichwa kinamgonga. Yeye alikuwa akisema ndugu zake wote wako hivyo. Huo nao ni mzio wa shayiri?

TabibuNyegezi

Hapana, ndugu Fundi, na ni vizuri umeuliza. Kileo kikifika kwenye ini hugeuzwa kwanza kuwa asetaldehaidi, ambayo ni sumu, kisha kimeng'enya kingine huigeuza haraka kuwa kitu kisicho na madhara. Zaidi ya theluthi moja ya watu wa Asia Mashariki wamezaliwa na kimeng'enya hicho cha pili kikiwa dhaifu. Asetaldehaidi hujaa mwilini, mishipa hutanuka, uso huwiva na moyo hukimbia, iwe ni bia, mvinyo au kinywaji kikali. Hiyo ni hali ya kurithi, na miongoni mwetu Waafrika ni nadra sana. Naomba umfikishie jambo moja ukiwasiliana naye: wenye hali hiyo wanaoendelea kunywa sana wana hatari kubwa zaidi ya saratani ya umio, na kumeza dawa za mzio ili uso usiwive huficha onyo tu, sumu inabaki palepale.

Kaka Mkaguzi, soda ya kimea imeniambia mengi. Haikuwa na kileo, haikuwa na samaki, lakini ilikuwa na shayiri. Kabla hujalia kuhusu ugali nijibu hili: ugali wa sembe au wa dona unaokula kila siku, mahindi ya kuchoma ya barabarani, uji wa asubuhi, je, kimojawapo kimewahi kukuwasha hata kidogo?

MkaguziWaMinofu (Igogo, Mwanza)

Hakijawahi, dada. Hata jana nimekula.

TabibuNyegezi

Basi endelea kula mpaka upimwe. Usijinyime chakula ambacho mwili wako unakipokea kwa sababu ya hofu. Nimewaona watu waliokonda kwa kujikatia vyakula kumi ambavyo havikuwa na kosa lolote.

Naomba nirudi Pasiansi, kwa sababu nadhani ndipo wengi wetu tunaweza kujifunza zaidi. Kwa nini miaka miwili ya mabaka, kisha usiku mmoja wa kuanguka? Hasa katika mzio wa protini za nafaka, mwili unaweza kuvumilia kiasi fulani, lakini uvumilivu huo hushushwa na mambo yanayoambatana. Dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki, aspirini na ibuprofeni ni mojawapo. Mazoezi au kucheza kwa nguvu ni jingine. Kileo chenyewe nacho kimo, kwa sababu hulegeza utando wa utumbo na kupitisha protini nyingi zaidi kuingia kwenye damu. Uchovu na kukosa usingizi pia. Wewe usiku ule ulikuwa na yote manne: diklopa mchana, zamu ya usiku nyuma yako, bia mbili na muziki. Hakuna aliyekuwekea kitu kwenye glasi, na tafadhali umwambie shemeji yako kwa upole, maana shutuma kama hizo huvunja ujirani.

Kwa sababu hiyohiyo karanga na samaki hatuwezi kuwaachia huru bado. Yapo matukio ambayo mtu huilaumu bia kwa miaka, kumbe ana mzio mdogo wa karanga ambao huonekana pale tu bia inapoupa nguvu.

DukaLaDawaNyakato

Ninauza dawa, na nataka kuongeza jambo ambalo hunisumbua karibu kila mwisho wa wiki.

Mtu huja kwangu na tumbo la amiba, anaandikiwa metronidazo, ambayo wengi tunaiita Flajili, na ananiuliza kama anaweza kunywa bia mbili tu Jumamosi. Maelekezo ya dawa hiyo yanasema usinywe kileo wakati wa dozi na kwa siku mbili au tatu baada ya kuimaliza, kwa sababu wapo waliopata kichefuchefu kikali, kutapika, uso kuwaka moto na moyo kwenda mbio. Watafiti wamebishana kuhusu ni mara ngapi jambo hilo hutokea kweli, lakini mimi nimemshika bega kijana mmoja akitapika mbele ya duka langu hadi akaishiwa nguvu, na sitaki kumwona wa pili. Tinidazo iko katika kundi hilohilo.

Kisa cha dawa za namna hii kilianza Denmark. Jens Hald na Erik Jacobsen walikuwa wakiichunguza disulfiramu kama dawa ya minyoo, wakaimeza wao wenyewe, na walipokunywa pombe kidogo wakaugua vibaya. Mwaka 1948 walitangaza kwamba dawa hiyo ingeweza kuwasaidia watu kuacha pombe, na hadi leo hutumika hivyo. Inazuia kimeng'enya kilekile alichokitaja Tabibu. Kwa hiyo ndugu yangu yeyote anayesema "nimepata aleji ya bia ghafla wiki hii", mimi humuuliza kwanza anatumia vidonge gani.

KijanaWaKishiri

Wakubwa, mnaonaje mtu kama huyu ahamie kwenye pombe zetu za asili? Hazina kemikali za kiwandani. Babu yangu alikunywa pombe ya mtama na wanzuki hadi akafikisha miaka 90, na gongo pia, wala hakuwahi kuvimba.

MzeeWaKimea

Mjukuu wangu, usimpeleke mgonjwa huko.

Pombe ya mtama na ya ulezi hazina shayiri zikipikwa kwa uaminifu, hilo nakubali, lakini nani atakuhakikishia kilichochachushwa ndani ya pipa ambalo hukuliona likipikwa? Wapo wanaotia kimea chochote kinachopatikana kwa bei nafuu. Wanzuki wa asili hutengenezwa kwa asali, na asali ina chavua na mabaki ya nyuki, kwa hiyo mwenye mzio wa vitu hivyo anaweza kuvimba kwa wanzuki ilhali bia inamwacha salama. Uasili wa kinywaji haumlindi mtu. Karanga ni ya asili na imeua watu.

Na gongo ni suala jingine kabisa, ambalo naliongea kwa uchungu. Hatari yake ni methanoli, ambayo huingia ama kwa upishi mbaya ama kwa watu wasio na huruma kuongeza spiriti ya viwandani. Methanoli mwilini hugeuka asidi inayoua mshipa wa jicho. Tofauti yake na mzio ni muda: mzio hukushika ndani ya dakika au saa moja na mabaka yake, lakini methanoli humwacha mtu akalala vizuri, kisha baada ya nusu siku au siku nzima akaamka na tumbo linalouma, pumzi ya haraka na macho yanayoona ukungu. Huyo asilazwe nyumbani kwa kusema ana mning'inio. Apelekwe hospitali mara moja, maana ipo tiba ikiwahi. Jirani zetu wa Kenya walizika makumi ya watu kwa namna hiyo mwezi Mei 2014.

KijanaWaKishiri

Nimekuelewa, babu. Samahani.

MchuuziMwaloni

Mimi nafanya biashara ya mabondo hapa Mwaloni Kirumba, na naomba nisieleweke kwamba napigania mkate wangu. Ninayashika kila siku kwa mikono mitupu na sijawahi kuwashwa, ila ninao wenzangu wawili ambao mikono yao huvimba wakishika samaki wabichi. Je, mtu kama hao akinywa bia ya Ulaya iliyosafishwa kwa bondo atadhurika?

TabibuNyegezi

Swali zuri, mchuuzi. Protini inayowadhuru wengi wenye mzio wa samaki hukaa katika nyama, yaani mnofu, wakati bondo kwa sehemu kubwa ni kolajeni, ambayo ni protini ya aina nyingine, na kinachobaki katika bia baada ya kuzama ni kidogo mno. Sheria ya Umoja wa Ulaya inayolazimisha samaki watajwe kwenye lebo imekisamehe kibofu hicho kinapotumika kusafishia bia na mvinyo, kwa sababu hatari ilionekana kuwa ndogo sana. Wenzako wawili wapimwe kwa ajili ya kazi yao. Bia ndiyo iwe wasiwasi wao wa mwisho.

MkaguziWaMinofu (Igogo, Mwanza), baada ya wiki nne

Ndugu zangu, nimerudi na majibu.

Nilipewa barua ya rufaa na nikapangiwa siku. Niliagizwa kuacha Piriton na dawa zote za jamii yake kwa wiki moja kabla, kwa sababu huzima kipimo. Daktari alinichora mistari kwa kalamu kwenye mkono wa ndani, akadondosha matone na kuchoma kidogo juu ya kila tone, wala haikuuma. Tone moja lilikuwa maji ya chumvi ambayo hayatakiwi kufanya kitu, jingine histamini ambayo lazima ivimbe. Nyingine zilikuwa shayiri iliyolowekwa, unga wa mahindi, ngano, mtama, karanga, sato, sangara na bia niliyokuja nayo mwenyewe kwenye kichupa. Beseni la dharura na sindano ya adrenalini vilikuwa mezani tangu mwanzo, na daktari alinionya mapema kwamba nisishangae.

Baada ya dakika 15 alipima kwa rula. Shayiri ilikuwa imevimba zaidi ya histamini, na bia ikaifuata kwa karibu. Ngano ilivimba milimita tatu, lakini kwa kuwa nakula chapati na mandazi miaka yote bila shida, alisema hiyo ni alama ya undugu wa nafaka hizo mbili tu, nisiache kula. Mtama ulivimba kidogo pia, kwa hiyo bia za mtama nazo amezizuia. Karanga hakuna. Sato hakuna. Sangara hakuna: vidole vyangu kazini vinababuka kwa barafu na maji ya klorini, na nimepewa mafuta na glavu za ndani za pamba.

Mahindi, hakuna kabisa.

Nimekatazwa bia na vinywaji vyote vya kimea, pamoja na vile vya unga wa kimea vinavyokorogwa kwenye maziwa, ambavyo nilikuwa nikiwapa watoto na kuonja bila kufikiri. Diklopa imeondolewa, nimebadilishiwa na parasetamo na mazoezi ya mgongo. Kuhusu Konyagi na mvinyo, daktari alisema kipimo hakivikatazi, lakini akaniomba nikae miezi sita bila kileo chochote mwili utulie, na nimekubali. Mke wangu ameniandikia kadi ndogo ya kuweka kwenye pochi, pamoja na kitambulisho: "Nina mzio mkali wa shayiri. Nikianguka nidungwe adrenalini pajani, nilazwe chali miguu juu, nisisimamishwe." Shemeji yangu ameisoma, amenyamaza kwa muda, kisha amekwenda kwa jirani wa Pasiansi kuomba radhi.

Nilipotoka hospitalini nilimpigia mama simu kumwambia kuhusu mahindi. Sikujua kwamba tangu aliposikia hofu yangu alikuwa amekwenda Sengerema kununua gunia zima la udaga, yaani muhogo mkavu, ili mwanawe asikose ugali. Ameniambia anamshukuru Mungu, na kwamba Jumapili tuje wote, gunia bado limejaa.